Kutoka Msemezwa hadi Msemaji: Kitabu Kipenzi na Msomaji Anayekirejea katika Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumchukulia msomaji kama mtu asiye na umri: anaisoma kazi, anabaini dhamira na fani yake, kisha anaiweka kando. Hata hivyo, vitabu vinavyopendwa kwa dhati ni vile vinavyorejewa kwa miaka mingi. Makala hii inachunguza sifa za kiisimu na za kiusimulizi zinazoiwezesha kazi kurejewa. Kwa kuongozwa na mkabala wa nafsi katika usemi pamoja na nadharia ya upokezi, inachambua Utendi wa Mwana Kupona, Utenzi wa Hati uliomo katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, Mzimu wa Watu wa Kale na Rosa Mistika. Hoja kuu ni kwamba kitabu kipenzi humwachia msomaji nafasi zaidi ya moja ya kusimama, na kwamba kukirejea ni kuhama kutoka nafasi moja hadi nyingine. Inahitimishwa kwamba kukipenda kitabu si lazima kuwe kukubaliana nacho.

1.0 Utangulizi

Mtu akiulizwa kitabu anachokipenda kuliko vingine, aghalabu hutaja kitabu alichokisoma zaidi ya mara moja. Anakikumbuka jalada lake, anajua kilipo rafuni, na hakiazimi kwa kila ajaye. Jambo hili ni la kawaida mno kiasi kwamba uhakiki wa Kiswahili haukuona haja ya kulitafutia maelezo. Wahakiki wameeleza kwa kina kazi inasema nini, imejengwa vipi na imetokana na jamii ya aina gani. Swali la kwa nini kazi fulani inasomwa tena na mtu yuleyule, akiwa amekwisha kuijua, limeachwa kwa wasomaji wenyewe.

Pale swali hilo linapoguswa, majibu matatu hutolewa. La kwanza ni la kitaasisi: kazi hurejewa kwa kuwa imo katika silabasi, hivyo mwanafunzi hulazimika kuirudia na mwalimu huifundisha mwaka baada ya mwaka. La pili ni la kimaadili: kazi hurejewa kwa kuwa mafunzo yake hayapitwi na wakati. La tatu ni la kisaikolojia: msomaji hurejea kitabu kwa sababu ya kuukumbuka ujana wake. Kila jibu lina ukweli wake, lakini hakuna linalotosheleza. Silabasi imewahi kubeba vitabu vingi ambavyo hakuna aliyevigusa tena baada ya mtihani. Mafunzo yasiyopitwa na wakati yamejaa katika vitabu visivyopendwa na yeyote. Nayo kumbukumbu ya ujana ingetoshelezwa na kitabu chochote kilichosomwa wakati huo. Haielezi kwa nini kimoja kinashikiliwa na vingine vinasahauliwa.

Makala hii inapendekeza jibu la nne, linaloanzia katika lugha ya matini yenyewe. Benveniste (1966) alionyesha kwamba nafsi ya kwanza na ya pili hazina kirejelewa cha kudumu: "mimi" ni yeyote anayesema, na "wewe" ni yeyote anayesemezwa, kwa muda ule tu usemi unapodumu. Ni viti vinavyokaliwa kwa zamu. Iser naye, katika nadharia ya upokezi, alidai kwamba matini hubeba ndani yake nafasi ya msomaji, ambayo msomaji halisi huitwa kuikalia. Madai hayo mawili yakiunganishwa, linazuka swali ambalo nadharia ya upokezi hailisisitizi sana: je, msomaji huyohuyo akija mara ya pili, baada ya miaka ishirini, hukaa katika kiti kilekile?

2.0 Msamiati wa Kurejea

Kabla ya kuziendea kazi zenyewe, inafaa kuangalia namna Kiswahili kinavyolitaja tendo hili, kwa kuwa lugha ina vitenzi kadhaa visivyo na maana moja. Kukariri, kutokana na Kiarabu, ni kurudia ili maneno yashike; katika matumizi ya leo hubeba hata lawama, kwamba mtu ameshika maneno bila ya maana. Kudurusu ni kupitia tena somo kwa uangalifu, na kitenzi hiki ni ndugu wa darasa na madrasa. Kuhifadhi ni kulitia andiko moyoni kiasi kwamba karatasi haihitajiki. Kurejea, kwa upande wake, ni kitenzi cha mwendo: anayerejea aliondoka kwanza, akafika kwingine, na huko kwingine kumembadilisha.

Kitenzi kinachofundisha zaidi ni kuhitimu. Asili yake ni kukamilisha usomaji wa Kurani. Katika desturi ya chuoni, mwanafunzi aliyehitimu hakuwa ameachana na msahafu. Alikuwa amepata ruhusa ya kuuanza tena, safari hii akiwa msomaji kamili, na pengine akiwa mwalimu wa mdogo wake. Shule ya kisasa imelichukua neno hilo na kuligeuza: mhitimu ni mtu aliyemaliza na kuondoka, na vitabu vyake hupewa wengine au huuzwa. Mabadiliko hayo ya maana yanaakisi mabadiliko ya desturi ya kusoma. Katika desturi ya kwanza, kumaliza ni sharti la kurejea. Katika ya pili, kumaliza ndiyo sababu ya kutorejea.

Tofauti kati ya kukariri na kurejea ndiyo inayobeba uchambuzi unaofuata. Anayekariri hutaka yeye na matini wabaki walivyo. Anayerejea huikuta matini ileile lakini yeye si yuleyule, na kitabu kipenzi ni kile kinachoweza kuistahimili tofauti hiyo.

3.0 Utendi wa Mwana Kupona: Kiti cha Binti na Kiti cha Mama

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mama aliye mgonjwa anamwita binti yake amkaribie akiwa na wino na karatasi, amsikilize na aandike. Kwa hiyo tangu mwanzo, msemezwa wa kwanza si msikilizaji mtupu. Yeye ndiye mwandishi wa matini kwa maana ya mkono unaoshika kalamu. Nafsi ya kwanza inasema, nafsi ya pili inaandika "mimi" isiyokuwa yake. Wasia unaanza kwa kumzoeza binti kuandika maneno ambayo siku moja atayasema.

Katika sehemu kubwa ya utendi, binti huyo anashikiliwa na vitenzi vya kuamrisha na vya dhamira vya nafsi ya pili umoja. Wahakiki waliovisoma viambishi hivyo kama ushahidi wa utiifu hawakukosea kuviona. Walichokosa ni kuufuata utendi hadi mwisho. Karibu na tamati, baada ya dua na baada ya mtunzi kuielezea ndoa yake mwenyewe, msemezwa anabadilika. Kitenzi soma kinajitokeza katika umbo la wingi, na wanaoambiwa sasa ni wanawake wote watakaolipata andiko hilo. Umoja uliokuwa wa chumba kimoja umekuwa wingi usio na mpaka wa mahali wala wakati. Kiambishi tamati hicho kimoja kinaugeuza wasia wa nyumbani kuwa kitabu, na kinatangaza kwamba kitabu hicho kimetarajia kusomwa na watu ambao mtunzi hatawaona.

Ni muhimu kutambua nini kinatokea kwa msomaji aliyeupokea utendi huu akiwa binti. Katika usomaji wa kwanza anakalia kiti cha nafsi ya pili, kwa kuwa hakuna kiti kingine kinachomfaa: ana mama, hana mtoto. Anaposoma tena akiwa na binti yake, maneno ni yaleyale lakini kiti kimehama. Sasa "mwanangu" ni neno linalotoka kinywani mwake. Hata kauli zilizoonekana kama amri sasa zinasikika tofauti, kwa kuwa mwenye kusema anajua kilicho nyuma yake: ugonjwa, ujane, na hofu ya kumwacha binti katika ulimwengu ambao hautamhurumia. Fasili ya maneno haijabadilika. Kilichobadilika ni upande wa usemi ambao msomaji anausikia kutoka ndani.

Hapa ndipo mabishano mashuhuri kuhusu utendi huu yanapoweza kutazamwa upya. Kwa muda mrefu utendi umesomwa kama mwongozo wa utii wa mke kwa mumewe. Werner na Hichens, katika toleo lao la mwaka 1934, waliutambulisha kwa wasomaji wa Kiingereza kupitia anwani iliyosisitiza wajibu wa mke. Biersteker (1991) alipinga usomaji huo na kudai kwamba lugha ya utendi ina uwezo na kejeli ambazo usomaji wa juujuu hauzioni. Mjadala umeendeshwa kana kwamba lazima upande mmoja uwe sahihi. Lakini zote mbili ni tafsiri zinazopatikana kutokana na viti viwili vya utendi uleule. Anayekaa katika kiti cha msemezwa husikia amri. Anayekaa katika kiti cha msemaji husikia mbinu ya mtu mwenye nguvu ndogo anayemfundisha mwenzake namna ya kuishi na wenye nguvu kubwa. Msomaji mmoja anaweza kuwa mfuasi wa usomaji wa kwanza akiwa na umri wa miaka kumi na saba na wa usomaji wa pili akiwa na hamsini, bila ya kujipinga.

4.0 Utenzi wa Hati: Wasia Ndani ya Tawasifu

Shaaban Robert aliirithi mbinu hii akijua alichokuwa akikifanya. Katika Utenzi wa Hati, baba anamwita binti yake aketi aandike, naye mtoto anapewa wasia kuhusu dini, mwenendo na ndoa. Mwangwi wa Mwana Kupona ni dhahiri katika hali ya usemi, katika bahari ya utenzi na katika kumfanya mtoto awe karani wa wasia wake mwenyewe. Mtoto wa kiume naye alitungiwa Utenzi wa Adili, na tungo hizo mbili zimewekwa ndani ya Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, tawasifu ambayo sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1949 na ambayo ilichapishwa ikiwa na sehemu zote mbili mwaka 1966, miaka minne baada ya kifo cha mtunzi.

Mahali pa tungo hizi ni jambo lenye uzito. Beti za Hati zimekuwa zikitolewa na kufundishwa peke yake kama shairi la mawaidha. Msomaji anayezipokea kwa njia hiyo huziona kuwa orodha ya maadili, na huenda akazikinai upesi, kama kijana anavyokinai nasaha. Akizikuta tena ndani ya tawasifu, hali ni nyingine. Utenzi umetanguliwa na habari ya kifo cha Amina, mke wa msimulizi na mama wa watoto hao. Ghafla inaonekana kwamba msemaji wa Hati anakalia kiti kisichokuwa chake. Katika jadi aliyoirithi, wasia kwa binti kuhusu mambo ya nyumbani ni usemi wa mama. Mama hayupo. Baba anazungumza kwa bahari na mkao wa Mwana Kupona kwa sababu kuna sauti inayokosekana nyumbani, na utenzi ndio unaoziba pengo hilo.

Hilo halitamkwi popote ndani ya Hati. Ni maana inayozaliwa kutokana na ujirani wa nathari na utenzi, na inaonekana kwa urahisi zaidi na msomaji anayerejea, yaani anayeujua utenzi tayari na sasa anaukuta mahali pake. Yule aliyeusoma akiwa mtoto alisikia baba akinasihi. Akirejea akiwa amefiwa, humsikia mfiwa akitafuta namna ya kuendelea na malezi. Kwa hiyo Hati inatoa viti vitatu: cha mtoto anayeandika, cha baba anayesema, na cha mama ambaye hayupo. Kiti cha tatu ni kitupu, na msomaji anayezipitia beti hizi peke yake, nje ya tawasifu, hana njia ya kujua kwamba kipo.

Tokeo la kiuhakiki ni zito. Desturi ya kuzikata kazi vipande ili zitoshe katika mkusanyiko wa kufundishia haipunguzi urefu wa kazi tu, inaondoa viti. Kipande kinachobaki kinaweza kukaririwa, lakini hakina mahali pa kumrejesha msomaji.

5.0 Riwaya: Kurejea Pasipo Wasia

Inaweza kudaiwa kwamba mifano miwili iliyotolewa ni miepesi, kwa kuwa wasia ni utanzu unaomtaja msemezwa waziwazi. Hoja inapaswa kupimwa kwa kazi zisizo na mwito wa namna hiyo.

Kipimo kigumu zaidi ni riwaya ya upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla (1960) inategemea fumbo la mauaji, na fumbo likishafumbuliwa inaonekana hakuna sababu ya kurudi. Hata hivyo, riwaya za Bwana Msa zina wasomaji wanaozirejea kwa hamu. Maelezo ya kawaida ni kwamba wanafurahia Kiswahili chake. Ni kweli, lakini lugha hiyo imepangwa kwa namna ya pekee. Bwana Msa huzungumza na rafiki yake Najum, ambaye huona yote anayoyaona mpelelezi na bado haoni maana yake. Msomaji wa mara ya kwanza ni Najum: anauliza, anakisia, anakosea. Msomaji wa mara ya pili hawezi tena kuwa Najum kwa sababu anajua mwisho. Anahamia upande wa Bwana Msa, na kila sentensi iliyopita kama gumzo la kawaida sasa inasomeka kama kidokezo. Fumbo limekwisha, lakini raha haikwishi, kwa kuwa sasa ni raha ya anayejua akimtazama asiyejua. Hapa kiti kinahama bila ya nafsi ya pili kutajwa. Mabadiliko ya ujuzi wa msomaji yanatosha.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inakwenda mbali zaidi. Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa uwazi wake kuhusu mapenzi na miili ya vijana, na marufuku hiyo iliifanya kwa vijana wengi kuwa kitabu cha kusomwa kwa siri. Msomaji kijana humfuata Rosa. Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya kijana Charles, ni ukuta tu. Regina, mama mvumilivu, ni kivuli. Rosa anapotoka nyumbani kwenda kusoma, kijana anasoma habari za uhuru, na anguko lake linaonekana kuwa adhabu isiyo ya haki inayomwangukia mtu mmoja.

Anayerejea akiwa mzazi hukuta kitabu kizito zaidi. Sasa anaona kwamba ukali wa Zakaria umechanganyika na hofu, kwamba mtu aliyeshindwa kujitawala amejaribu kumtawala bintiye. Anaona pia kwamba subira ya Regina, iliyoonekana kuwa fadhila, haikumpa Rosa neno lolote la kumsaidia. Swali la riwaya linageuka. Kwa kijana lilikuwa: kwa nini wananifanyia hivi? Kwa mzazi linakuwa: nimemfanyia nini? Kezilahabi amewezesha mgeuko huo kwa kutogawa lawama kwa usawa unaotosheleza. Zakaria, Regina, shule, wanaume waliomchezea, Charles anayemkataa kwa kuwa si bikira, na Rosa mwenyewe, kila mmoja ana sehemu yake, na kifo cha Rosa kwa mkono wake mwenyewe hakifuti deni la yeyote.

Hata anwani ya kitabu inasubiri kurejewa. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki. Msomaji kijana anaweza kupita bila ya kujali, akidhani ni jina la mhusika tu. Anayeijua litania husoma jina hilo, baada ya kuujua mwisho, kama shtaka dhidi ya jamii inayomsifu Bikira katika sala na kumhukumu binti katika maisha.

6.0 Mapenzi na Ukubali

Mifano hii inaruhusu kutenganisha mambo mawili ambayo uhakiki wa Kiswahili huyachanganya: kukipenda kitabu na kukubaliana nacho. Kwa kuwa fasihi imefundishwa kwa muda mrefu kama chombo cha maadili, imechukuliwa kwamba msomaji anayekirejea kitabu anakirejea kwa sababu kinasema kweli. Kutokana na dhana hiyo, mwanamke msomi anayekataa mafunzo ya Mwana Kupona kuhusu ndoa anatarajiwa auache utendi huo, na akiendelea kuuthamini anaonekana kuwa na mgongano wa nafsi.

Uchambuzi uliotolewa unaonyesha vinginevyo. Mtu anaweza kurejea ili abishane. Anaweza kukikalia kiti cha msemaji na kugundua kwamba yeye, akiwa mama, hawezi kumwambia binti yake maneno hayo. Na ugunduzi huo ni zao la utendi, kwa kuwa ndio uliompa kiti na kumtaka aseme. Kuna, bila shaka, hatari ya kweli hapa. Matini inayomgeuza binti kuwa mama inaweza pia kurithisha mfumo unaomkandamiza, kizazi baada ya kizazi, na upole wa sauti unaweza kuuficha mzigo wake. Hata hivyo, hatari hiyo ni kubwa zaidi palipo na kukariri, ambako maneno hupita kutoka kinywa hadi kinywa bila ya yeyote kuyapima kwa maisha yake. Anayerejea hana budi kuyapima, kwa kuwa amekuja na maisha mkononi.

Miongozo ya uhakiki inayotumiwa na wanafunzi inapaswa kutazamwa kwa mwanga huu. Kosa lake kubwa si kurahisisha. Kosa lake ni kumpa msomaji wa miaka kumi na saba jibu la mwisho kuhusu kazi ambayo bado haijamaliza kusema naye. Zakaria akishaorodheshwa kama "mlevi, katili, asiyewajibika", faili yake imefungwa. Mwanafunzi aliyeipokea orodha hiyo hana sababu ya kudhani kwamba atakapokuwa na umri wa Zakaria riwaya itakuwa na neno jingine la kumwambia.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejenga hoja kwamba kurejewa kwa kitabu si bahati wala mazoea, bali ni uwezo uliomo katika mpangilio wa usemi wake. Katika wasia, uwezo huo umo katika nafsi: kiti cha msemezwa kinamsubiri msomaji akiwa kijana, na cha msemaji kinamsubiri akikua. Katika riwaya ya upelelezi umo katika tofauti ya ujuzi kati ya wahusika wawili. Katika Rosa Mistika umo katika lawama isiyokwisha kugawiwa.

Yapo matokeo mawili kwa taaluma. Kwanza, umri wa msomaji unapaswa kuingizwa katika uhakiki kama kigezo halali, sambamba na jinsia na tabaka, na mhakiki aseme anaisoma kazi kutoka kiti kipi. Pili, ufundishaji unapaswa kuacha swali moja wazi kwa kila kazi, ili mhitimu awe na sababu ya kurudi. Maana ya kale ya kuhitimu ilikuwa na hekima hiyo: aliyekifikia kikomo cha kitabu alihesabiwa kuwa sasa yu tayari kukisoma.